Mzizi Kwanza, Giza Baadaye

Kwenye masoko ya Brussels, msimu wa baridi, chikori nyeupe huuzwa katika maboksi yaliyotandikwa karatasi ya buluu. Vichwa vimepangwa vikibanana, kila kimoja kina urefu wa sentimita 10 hadi 17, kimenenepa katikati na kuchongoka nchani, cheupe mwili mzima isipokuwa kingo za majani zenye manjano hafifu. Ukikishika ni kigumu. Ukikipasua kwa urefu unakuta majani yamefumbatana tabaka juu ya tabaka, na chini yake kitako kifupi cha shina kilichoyabeba yote. Waflandria hukiita witloof, Wabelgiji wasemao Kifaransa hukiita chicon, na Wafaransa hukiita endive. Ni chipukizi ambalo halikuliona jua, lililotoka kwenye mzizi uliokaa juani miezi mitano.

Sifa nyingi hupewa giza. Si ajabu, maana chumba cheusi kinachotoa mboga nyeupe humshangaza kila mgeni. Lakini kadiri ninavyoifuatilia kazi hii ndivyo ninavyoamini kwamba giza halina kikubwa cha kuongeza. Utamu wa kile kichwa, uzito wake, ugumu wake, hata kasoro zake nyingi, vilikwisha kuwekwa mzizini kabla mlango haujafungwa. Mkulima wa chikori hutengeneza mzizi, kisha huusoma, kisha huuachia utumie akiba yake kwa kipimo. Katika hatua hizo tatu, ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu hakuna chombo kinachoifanya vizuri kuliko mtu aliyeshika mizizi maisha yake yote.

Chikori ya porini ni gugu la kando ya barabara kote Ulaya, lenye maua ya buluu yanayochanua asubuhi na kufumba jua linapopanda. Wanasayansi huliita Cichorium intybus. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anamjua ndugu yake wa karibu, mchunga, ile mboga chungu inayochumwa mashambani na ambayo ukiivunja bua inatoa utomvu mweupe. Mchunga, chikori na saladi ya kawaida ni wa ukoo mmoja. Kwenye chikori, utomvu huo mweupe ndio unaobeba uchungu, nao umo ndani ya mzizi na majani vilevile. Mtu aliyezoea kuuosha mchunga na kumwaga maji yake ya kwanza kabla ya kuuungia nazi ataelewa haraka kwa nini watu wa Brabant, eneo linaloizunguka Brussels, walihangaika karne nzima kutafuta namna ya kuupunguza uchungu bila kuufukuza kabisa.

Mmea huu huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza hauna haraka ya kuzaa. Hutandaza majani chini, hukamata jua, na kila unachokipata unakipeleka kwenye mzizi mmoja mnene unaoshuka moja kwa moja ardhini. Humo akiba hukaa katika umbo la inulini, ambayo ni minyororo mirefu ya sukari ya matunda. Viwanda vya Ubelgiji na Uholanzi huikamua inulini hiyo kutoka kwenye aina nyingine za chikori na kuiuza kama nyuzinyuzi za kuongeza kwenye vyakula. Baridi ya majira ya kipupwe ikipita, mmea hupata ishara yake. Mwaka wa pili hurefusha shina kwa pupa, hutoa maua, hukomaza mbegu, hufa. Mkulima hujiingiza katikati ya miaka hiyo miwili. Huungoja mzizi ujae, huupa baridi uamini kwamba kipupwe kimepita, halafu huurudisha kwenye joto mahali pasipo na mwanga. Mzizi hufanya kile ulichojiandaa kufanya, nao ni kuchipua kwa nguvu zote. Majani hayapati jua, kwa hiyo hayatengenezi kijani wala hayapanuki. Hubaki yamejikunja, meupe na laini.

Kilimo hiki kilianza kwa sababu ya kahawa. Mwaka 1806 Napoleon alipoifungia Ulaya biashara na Uingereza, kahawa kutoka makoloni iliadimika, na watu wa Ufaransa na nchi alizozitawala wakazoea kukaanga mizizi ya chikori, kuisaga na kuichemsha. Vita vilipokwisha mazoea yalibaki. Kwa hiyo mwaka 1830, Wabelgiji walipofanya mapinduzi dhidi ya utawala wa Waholanzi, mizizi ya chikori ilikuwa kitu cha kawaida kwenye mashamba ya pembezoni mwa Brussels. Masimulizi ya Schaerbeek humtaja mkulima Jan Lammers, ambaye aliificha mizizi yake ndani ya chumba cha chini cha nyumba na kuifunika udongo wakati wa vurugu hizo, na aliporudi akaikuta imetoa majani meupe, akayaonja, akayapenda. Masimulizi mengine humtaja François Breziers, mkuu wa watunza bustani wa Bustani ya Mimea ya Brussels, aliyekuwa akifanya majaribio katika vyumba vya chini walimokuzwa uyoga, katikati ya karne ya 19.

Mimi nampa Breziers heshima kubwa zaidi, hata kama hadithi ya Lammers ndiyo inayopendwa. Majani meupe ya chikori yaliyolegea yalikuwa yakijulikana Paris kabla ya hapo. Wauza mboga waliyaita ndevu za padri Mkapuchini, nayo yaliota ovyo ovyo ndani ya mapango. Bahati inaweza kumpa mtu majani meupe. Kile kichwa kilichofumba, kizito, kinachoweza kusafirishwa bila kusambaratika, kilitaka mtu ajaribu kina cha udongo wa kufunikia, na joto, na unyevu, aone tofauti, arudie. Tabaka la udongo lililolala juu ya mzizi lilifanya kazi mbili, kuzuia mwanga na kuyagandamiza majani yasifunguke. Hilo la pili ndilo lililozaa biashara.

Ardhi yenyewe ya kilimo hiki ni pembetatu iliyo kati ya Brussels, Leuven na Mechelen. Evere na Haren, vijiji vilivyokuwa maarufu kwa witloof, sasa vimemezwa na jiji, na pale walipolima mababu kuna ofisi na barabara. Kampenhout, mashariki kidogo, bado inajulikana kwa zao hili na ina jumba la makumbusho lake. Kwa wingi, hata hivyo, kilimo kimehamia kusini mwa mpaka. Kaskazini mwa Ufaransa, kuanzia Nord hadi Picardie, ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya chikori nyeupe ya Ulaya leo. Uholanzi nayo inalima kwa bidii.

Turudi shambani, maana huko ndiko mambo yanakoamuliwa.

Mbegu ya chikori ni ndogo mno, gramu moja ina mbegu mia kadhaa. Hupandwa mwezi Mei, au siku za mwanzo za Juni. Tarehe hizo zina sababu. Ukipanda mapema, miche ikakutana na siku za baridi, mmea hudhani umekwisha vuka kipupwe na hurefusha shina mwaka uleule. Mzizi wa namna hiyo ni hasara tupu, kwa sababu jicho lililotakiwa kutoa kichwa limekwisha tumika. Ukichelewa, mzizi haupati muda wa kunenepa. Mkulima hupima joto la udongo, husikiliza utabiri wa hewa, na hukaa na mbegu mkononi siku kadhaa akisubiri, huku majirani zake wa viazi na viazisukari wamekwisha maliza. Nawaheshimu watu wanaoweza kusubiri hivyo.

Udongo unaotakiwa ni mwepesi, wenye kina, usio na mawe. Mzizi ukikutana na jiwe hugawanyika miguu miwili, na mzizi wenye miguu miwili hausimami vizuri ndani ya trei wala haukai sawa na wenzake. Ndiyo maana wengi hupanda juu ya matuta yaliyochambuliwa vizuri. Hekta moja hubeba takriban mimea 200,000. Ikiwa michache zaidi, kila mzizi huwa mnene kupita kiasi na utatoa vichwa viwili vitatu vilivyolegea mahali pa kimoja. Ikiwa mingi, mizizi huwa myembamba na vichwa vyake havina uzito. Kinachotafutwa ni mzizi wenye kipenyo cha sentimita 3 hadi 6 shingoni, na shamba zima likaribiane kwa kipimo hicho. Kulinganisha mizizi 200,000 iliyoota kwenye udongo wa kweli, wenye mabonde na michirizi na sehemu zinazotuamisha maji, ni jambo gumu kuliko linavyosikika.

Sehemu inayomshangaza mkulima wa mahindi au mpunga ni mbolea. Chikori haipendi kushibishwa. Ukiipa naitrojeni nyingi, shamba linapendeza kwa majani mapana ya kijani kibichi, na mpita njia atasema hapa pana mavuno. Lakini mzizi uliokua katika neema hiyo huja kutoa kichwa kilichofunguka, chenye maji mengi, kinachooza upesi. Kwa hiyo mkulima hupima naitrojeni iliyobaki ardhini kabla ya kupanda, huchagua shamba lililotoka kulimwa ngano, huepuka lililowekwa samadi nyingi, na mara nyingi haongezi chochote. Anataka mmea uliokua kwa kiasi, ambao kufikia Septemba majani yake ya chini yameanza kufifia na nguvu yote imeshuka. Kulima huku ukijizuia ni ustadi ambao jicho la mgeni haliwezi kuuona, kwa sababu dalili yake ni shamba lisilovutia sana.

Palizi ni mzigo. Miche michanga hukua polepole, magugu huipita, na magugu mengi yanayoisumbua ni jamaa zake wa ukoo uleule, kwa hiyo dawa inayoyaua huhatarisha zao lenyewe. Nitarudi kwenye hilo.

Kuanzia Septemba hadi Novemba mizizi hung'olewa. Mashine hukata majani kwanza, na hapo pana kipimo cha kuogopesha. Mkato upite sentimita 2 au 3 juu ya shingo. Ukikata chini zaidi unalijeruhi jicho la katikati, na mzizi utachipua pembeni kwa vichipukizi vingi visivyo na thamani. Ukiacha mabua marefu, yataoza gizani na kuambukiza kichwa kinachoota katikati yao. Ncha ya chini ya mzizi hukatwa pia, ubaki na urefu wa sentimita 15 hadi 20, ili yote isimame usawa mmoja.

Hapo ndipo kusoma kunapoanza. Mkulima huchukua mizizi ya pembe hii na ile ya shamba, huipima uzito, huipasua kwa urefu na kutazama lile jicho na kiini chake. Anatafuta ukomavu. Mzizi mchanga uliochipuzwa mapema hutoa kichwa kisichofumba. Uliopitiliza hutoa kichwa chenye shina refu ndani, mhimili mweupe unaopanda mpaka karibu na ncha, mgumu na mchungu. Kabla ya kuamua kundi zima liende wapi, wengi huchukua sampuli, huichipuza peke yake, hungoja wiki tatu, hupasua vichwa na kupima urefu wa mhimili. Kisha mizizi hupangiwa zamu. Aina za mapema huchipuzwa kabla ya mwisho wa mwaka, za kati hufuata, na za kuchelewa hulazwa kwenye vyumba vya baridi, kwenye nyuzi sifuri au chini yake kidogo, ambako zinaweza kukaa hadi miezi kumi. Ndani ya baridi hiyo mzizi haulali kabisa. Inulini huvunjikavunjika taratibu kuwa sukari fupi zilizo tayari kutumika, na mzizi wa Aprili si ule wa Novemba hata kama ulitoka kwenye tuta lilelile.

Namna ya kwanza ya kuchipuza, na kwa miaka zaidi ya mia moja namna pekee, ilikuwa ardhini. Mizizi ilisimamishwa bega kwa bega ndani ya mtaro, mmoja mmoja kwa mkono, kila mmoja shingo yake ikiwa sawa na ya mwenzake. Ilimwagiwa maji ili udongo ushuke na kujaza nafasi zilizobaki. Ikafunikwa udongo laini wa sentimita 20 hivi, juu yake mabua ya ngano, na juu ya mabua mabati yaliyokunjwa upinde kuzuia mvua. Mabomba ya maji moto yalipitishwa chini au kandokando, yakilishwa na jiko la makaa na baadaye mafuta. Mwezi mmoja hivi baadaye mabati yalifunuliwa, na mkulima akaanza kufukua.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wavunaji wa Brabant waliinama miaka nenda rudi. Kazi hiyo ilifanywa kwa magoti, katikati ya Januari, kwenye matope, vidole vikitafuta shingo ya mzizi na kuuvunja kutoka kwenye kichwa bila kukikwaruza. Udongo uliojaa kwenye majani ya nje uliondolewa kwa kuyabandua majani yenyewe, kwa sababu kichwa kilichooshwa hakidumu. Familia zilizoishi kwa kazi hiyo ziliilipia kwa migongo na viungo. Siipambi. Lakini ukweli ni kwamba udongo uliyafumbata yale majani kwa namna ambayo hakuna kifaa kilichoweza kuiga, na mtu aliyekula witloof ya ardhini anajua inavyolia meno yanapoikata.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwenye mbegu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa INRA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, walitoa Zoom, mbegu chotara ya kwanza ya chikori nyeupe. Aina za zamani, zilizochaguliwa na familia za wakulima kizazi kwa kizazi, zilihitaji uzito wa udongo ili zifumbe. Zoom ilijifumba yenyewe. Udongo ukawa hauhitajiki tena, na pale pale mtaro ukaanza kugeuka chumba.

Leo mizizi husimamishwa ndani ya trei pana, 400 hadi 500 kwa kila mita ya mraba, na trei hupangwa juu ya nyingine mpaka karibu na dari. Maji yenye virutubisho hupita katika kila trei, kina cha sentimita chache tu, yakishuka kutoka ya juu hadi ya chini, yakakusanywa na kurudishwa. Chumba hakina dirisha. Hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba kuta hutoa jasho. Baada ya siku 21 hivi, vichwa viko tayari. Aingiaye kukagua huwasha taa hafifu kwa dakika chache na kuizima.

Mtu anaweza kudhani kwamba kwa mfumo huo ustadi umekwisha, kilichobaki ni kubonyeza vitufe. Sivyo. Maji hupashwa joto kidogo kuliko hewa, nyuzi mbili au tatu zaidi, ili mzizi uamshwe kutoka chini na kichwa kikae kwenye ubaridi kiasi na kikaze. Mizizi ya mwanzo wa msimu, ambayo bado haijaivishwa na baridi, hutaka maji ya nyuzi 20 au zaidi kidogo. Kadiri miezi inavyopita na mizizi inavyokaa ghalani, joto hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa kuwa mzizi uliokaa muda mrefu una haraka, na ukiupa joto lile la Novemba utarusha mhimili juu na kukipasua kichwa. Mkulima huifuata mizizi inavyobadilika, wiki kwa wiki. Kundi lililotoka shamba hili halishikwi kama lililotoka shamba lile. Ndiyo maana daftari la shamba, lenye tarehe za kupanda na mvua za Agosti, linakaa ofisini karibu na kidhibiti joto.

Kuna ugonjwa wa moyo mweusi, ambapo majani ya ndani kabisa huungua kingo kwa kukosa kalisi. Nje kichwa ni kizuri kabisa. Hujui mpaka ukikate. Husababishwa na ukuaji wa haraka kuliko uwezo wa mzizi kusafirisha kalisi hadi ncha, kwa hiyo tiba yake ni kuiongeza kwenye maji na kupunguza kasi. Kuna kuvu wa Sclerotinia anayeingia na mzizi kutoka shambani na kutandaza utando mweupe kwenye trei. Kuna Phytophthora anayesafiri ndani ya maji, na kwa sababu maji ni yale yale yanayozunguka, trei moja iliyougua inaweza kuziambukiza nyingine zote. Kwenye mtaro wa udongo ugonjwa ulikaa pale ulipoanza. Kwenye maji unatembea. Usafi wa trei, wa mabomba, wa mikono na wa buti umekuwa sehemu ya ufundi kama ulivyo uchaguzi wa mbegu.

 

Mwisho wa siku 21 kichwa huvunjwa au kukatwa kutoka kwenye mzizi. Majani ya nje yaliyolegea hubanduliwa, na hapa mashine bado haijamshinda mtu. Mikono inayopita juu ya mkanda wa kupangia hubandua jani moja, au mawili, kamwe si matatu kama mawili yanatosha, kwa sababu kila jani ni uzito unaotoka kwenye mfuko wa mkulima. Kisha karatasi ya buluu. Mwanga wa siku moja dukani unatosha kuzianzisha ncha kugeuka kijani, na kijani kikija uchungu unarudi pamoja nacho. Muuza mboga anayeacha chikori wazi chini ya taa kali anaiharibu kazi ya miezi minane kwa mchana mmoja. Ukiinunua, ifungie kwenye karatasi ndani ya friji.

Mizizi iliyochipuzwa, sasa imelegea na tupu, hupelekwa kwa ng'ombe.

Jikoni Wabelgiji huivisha polepole katika siagi mpaka inageuka kahawia pembeni, au huizungushia paja la nguruwe na kuimwagia mchuzi wa maziwa na jibini kabla ya kuioka. Vitabu vingi vya mapishi huagiza kukichokoa kitako cha chini kwa kisu, kwa sababu ndiko uchungu ulikojikusanya. Wazalishaji wa mbegu nao, kwa miaka hamsini, wamechagua aina zenye uchungu mdogo zaidi na zaidi, maana watoto hawaupendi na maduka makubwa yanataka wateja wapya. Nadhani wamevuka mpaka. Chikori isiyo na uchungu hata kidogo ni saladi nyeupe tu, na akiba yote ile ya mzizi, pamoja na ule utomvu uliopanda nayo, inakuwa imefutwa kwa ajili ya mlaji ambaye angeweza kufundishwa kupenda. Watu waliolelewa kwa mchunga wasingehitaji kufundishwa.

Wanaochipuza ardhini bado wapo, hasa Kampenhout na vijiji jirani, familia chache, nyingi za wazee. Tangu 2008 Umoja wa Ulaya umelinda jina Brussels grondwitloof, kwa hiyo atakayelitumia lazima achipuze kwenye udongo, ndani ya eneo lililotajwa. Bei yake ni ya juu. Inastahili, na bado pengine haitoshi kumshawishi kijana apige magoti Januari. Ninapoiweka pamoja na ile ya majini, naona tofauti katika ugumu na katika ladha ya karibu na njugu iliyo kwenye ile ya ardhini, na siwezi kujifanya sioni. Hata hivyo siwezi pia kuidharau ya majini. Mkulima mzuri wa trei, aliyepanda kwa wakati, akaacha kuweka mbolea, akasoma mizizi yake na kupunguza joto nyuzi moja katika wiki inayofaa, hutoa kichwa bora kuliko mkulima mzembe wa mtaro. Nimekwisha sema ni kwa nini.

Shida ya sasa imerudi shambani. Katika miaka hii ya 2020 Umoja wa Ulaya umeziondoa dawa za magugu ambazo wakulima wa chikori walizitegemea zaidi, kwa sababu za afya na maji ya ardhini. Sababu hizo nazikubali. Lakini zao dogo kama hili halina kampuni kubwa inayoharakia kulitengenezea dawa mbadala, na wakulima wa kaskazini mwa Ufaransa wamelazimika kurudi kwenye jembe, kwenye vibarua wa palizi, na kwenye mashine mpya zenye kamera zinazotambua mche wa chikori kati ya magugu na kuchokonoa udongo kandokando yake. Mashine hizo zinahitaji mistari iliyonyooka na miche iliyolingana. Kwa hiyo siku ile ya Mei, ya kungoja joto la udongo na mbegu mkononi, imekuwa na uzito zaidi kuliko zamani. Wengine sasa huacha magugu yaote kwanza kwenye matuta yaliyokwisha andaliwa, huyafyeka au kuyachoma kwa miali ya gesi, kisha ndipo hupanda, wakipoteza siku kumi za jua ambazo mzizi utazidai Oktoba. Wanajaribu aina zinazonenepa upesi ili kuzifidia siku hizo, na matokeo watayajua trei zitakapofunguliwa Februari.